Jenereta isitikise nyumba ya mawe: mwongozo wa kusanifu na kufunga springi na vifyonza mtetemo

Ukiweka kipande cha tairi kuukuu chini ya kila mguu wa jenereta ya mizunguko 1,500 kwa dakika, na kipande hicho kikabonyea milimita 0.4 tu kwa uzito uliokaa juu yake, hujapunguza mtetemo. Umeuzidisha. Hesabu ya jambo hilo iko hapa chini, na ni fupi kiasi kwamba hakuna sababu ya fundi kununua mpira, springi au kipande cha tairi kabla ya kuifanya.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mashine zinazokaa karibu na watu, hasa katika Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta za nyumba za huko ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Chokaa haina ugumu wa saruji. Mtetemo wa saa nyingi kila siku huilegeza kidogo kidogo: plasta huanza kuvimba, kisha ncha za boriti hucheza ndani ya ukuta. Nyumba zimeegemeana, kwa hiyo kinachotetema uani kwako husikika chumbani kwa jirani. Tangu kisiwa kilipokaa gizani kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, haja ya jenereta haihitaji kuelezwa. Kinachohitaji kuelezwa ni namna ya kuifunga.

Kwanza, ondoa ugonjwa wenyewe

Springi haitibu mashine mbovu. Inazuia tu ubovu wake usifike sakafuni, na beringi zinaendelea kufa. Kabla ya kusanifu chochote kagua haya:

Mguu usiokaa sawa. Weka saa ya kupimia, kile kipimo chenye sindano kinachosoma mwendo mdogo, juu ya mguu mmoja, legeza bolti yake, angalia sindano. Ikisogea zaidi ya milimita 0.05, mguu huo ulikuwa unavutwa kwa nguvu ya bolti. Jaza pengo kwa shimu, yaani bati jembamba la kujazia, kisha nenda mguu unaofuata.

Kapilingi isiyonyooka, yaani kiungo cha shafti mbili. Mtetemo wake hutokea mara moja na mara mbili kwa kila mzunguko, na huonekana zaidi ukipima kwa kufuata urefu wa shafti. Kosa la usawa wa rota, yaani sehemu inayozunguka kuwa nzito upande mmoja, hutokea mara moja tu kwa mzunguko na huonekana zaidi ukipima kwa kukingama na shafti.

Silinda isiyochoma. Injini ya mipigo minne ikiwa na silinda moja inayokosa moto hutoa mtetemo wa polepole, mara moja kwa kila mizunguko miwili. Huo ndio mgumu kuliko yote kuuzuia. Safisha nozeli kwanza.

Pampu inayotafuna maji kwa sababu bomba la kuvutia ni jembamba au limeziba hutoa mlio kama wa kokoto. Hapo tatizo ni bomba, na mpira hautasaidia kitu.

Pima kwa simu, lakini ujue mpaka wake

Simu za kisasa zina kihisi cha mchapuko, yaani kinachopima jinsi kasi inavyobadilika. Programu ya bure kama phyphox huonyesha mchapuko na pia masafa yake, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde (Hz). Bandika simu kwa gundi ya pande mbili juu ya mguu wa mashine, pima, kisha pima sakafuni hatua moja kutoka hapo, kisha ukutani. Andika namba zote tatu, maana bila za kabla hutajua kama kazi yako imefaa.

Angalia simu yako inasoma mara ngapi kwa sekunde. Inayosoma mara 100 haiwezi kuona masafa yaliyo juu ya 50 Hz, na mabaya zaidi, huyaonyesha kama masafa ya chini ambayo hayapo. Jenereta ya mizunguko 1,500 iko 25 Hz, hiyo inasomeka vizuri. Pampu ya mizunguko 2,900 iko 48.3 Hz, ukingoni kabisa. Hapo tafuta simu inayosoma mara 200 au zaidi.

Kugeuza mchapuko kuwa kasi ya mtetemo, gawanya kwa 6.28 na kwa masafa. Mfano: mchapuko wa 0.5 m/s² kwa 24.2 Hz ni 0.5 ÷ (6.28 × 24.2), yaani kama milimita 3.3 kwa sekunde. Kwa mota na pampu ndogo za hadi kilowati 15, kiwango cha ISO 10816-1, ambacho nafasi yake ilichukuliwa na ISO 20816-1 mwaka 2016, kilihesabu hadi milimita 0.71 kwa sekunde kuwa nzuri, hadi 1.8 inavumilika, hadi 4.5 haifai kwa kazi ya muda mrefu, na zaidi ya hapo ni hatari kwa mashine. Kwa jengo lenyewe, kiwango cha Kijerumani cha DIN 4150-3 kinaweka kikomo cha milimita 2.5 kwa sekunde kwa majengo ya urithi yanayotikiswa mfululizo, ikipimwa kwa mlalo kwenye ghorofa ya juu. Nyumba ya Mji Mkongwe ihesabiwe katika kundi hilo.

Hesabu inayoamua kila kitu

Mashine iliyokaa juu ya kitu kinachobonyea ina masafa yake asilia. Unayapata kwa kugawanya 15.76 kwa kipeuo cha pili cha mbonyeo, mbonyeo ukiwa kwa milimita. Mbonyeo ni umbali ambao springi au mpira unashuka kwa uzito wa mashine ikiwa imezimwa. Chukua masafa ya mashine, gawanya kwa masafa asilia, upate uwiano r. Sehemu ya nguvu inayopita kwenda sakafuni ni 1 ÷ (r² − 1), pale r inapozidi 1.41. Chini ya hapo unapitisha nguvu yote na zaidi. Na r ikiwa 1 umefika kwenye rezonansi, mahali ambapo kila mzunguko unaongeza juu ya uliopita.

Kwa mashine ya mizunguko 1,500 (25 Hz) matokeo ni haya:

- mbonyeo 0.4 mm: masafa asilia 24.9 Hz. Hii ni rezonansi kamili.
- mbonyeo 1 mm: 15.8 Hz, inapita asilimia 66
- mbonyeo 3.6 mm: 8.3 Hz, inapita asilimia 12.4
- mbonyeo 6.4 mm: 6.2 Hz, inapita asilimia 6.6
- mbonyeo 10 mm: 5 Hz, inapita asilimia 4
- mbonyeo 25 mm: 3.2 Hz, inapita asilimia 1.6

Tazama mstari wa kwanza tena. Kipande cha tairi chenye nyaya ndani hubonyea kidogo sana, na ndicho kinachokupeleka pale. Tazama pia mstari wa mwisho: kutoka milimita 10 hadi 25 unapata faida ndogo, huku mashine ikianza kuyumba. Kwa jenereta ya 25 Hz lengo letu ni kati ya milimita 6 na 10, na hatuoni sababu ya kupita hapo.

Mpira una tabia moja ya kuzingatia. Ukitikiswa huwa mgumu kuliko ukikandamizwa polepole, mara 1.2 hadi 1.5. Maunti ya mpira, yaani kikalio cha mashine, iliyobonyea 3.6 mm, ikiwa ngumu mara 1.3, hufanya kazi kwenye 9.5 Hz na si 8.3, na kinachopita kinapanda hadi asilimia 17. Springi ya chuma haina mabadiliko hayo.

Injini za kizamani za silinda moja, zile za kusaga nafaka na kukuna nazi vijijini Pemba na Unguja, zina hesabu nyingine. Inayokwenda mizunguko 650 huchoma mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo hutoa pia mtetemo wa 5.4 Hz. Kuuzuia kwa springi kunataka mbonyeo wa zaidi ya milimita 50, na injini ingecheza kama ngalawa kwenye kusi. Hizo zifungwe kwa bolti juu ya msingi mzito wa zege uliochimbiwa ardhini, mbali na ukuta wa nyumba, bila mpira wowote.

Mfano kamili: jenereta ya kilo 600

Chukua jenereta ya dizeli ya silinda tatu, kilo 600 pamoja na fremu yake, mizunguko 1,500. Mahali pake ni uani, chini. Isiwekwe kamwe juu ya dari ya boriti: springi hufanya kazi tu pale kilicho chini yake ni kigumu kuliko yenyewe mara nyingi, na dari ya boriti inabonyea. Kabla ya kuchagua sehemu uani, gonga sakafu na uulize wenye nyumba. Nyumba nyingi kongwe zina kisima kilichofunikwa au karo, na mzigo wa tani moja na nusu hauwekwi juu yake. Ujenzi wowote ndani ya Mji Mkongwe unahitaji kwanza kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

*Bloki ya zege.* Mita 1.8 kwa 1.0, unene milimita 200. Ujazo ni mita za ujazo 0.36, uzito kama kilo 864, jumla na jenereta kilo 1,464. Bloki haipunguzi asilimia inayopita sakafuni ikiwa mbonyeo ni ule ule. Inapunguza kucheza kwa jenereta yenyewe, hapa hadi asilimia 41 ya ambavyo ingecheza bila bloki, na hilo ndilo linaloponya ekzosi na mabomba ya mafuta. Pia inashusha kitovu cha uzito, mashine isiyumbe.

Tengeneza fremu ya chaneli ya milimita 200 kuzunguka kingo zote. Ndani weka nondo za milimita 12 kila baada ya milimita 200, tabaka mbili, zikifika kwenye fremu. Chomelea braketi sita za bati la milimita 12 pembeni, tatu kila upande mrefu, uso wa chini wa braketi ukiwa milimita 45 juu ya usawa wa chini wa bloki. Tandika nailoni nene sakafuni, weka fremu juu yake, mimina zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Mifuko miwili na nusu ya saruji inatosha. Mchanga usiwe wa pwani, maana chumvi yake itakula nondo ndani kwa ndani bila wewe kuona. Mwagilia maji siku saba, na usiinue bloki kabla ya wiki mbili. Kupakia jenereta subiri siku 28.

*Kitovu cha uzito.* Pima jenereta kwa mzani wa kuning'inia, ncha moja baada ya nyingine. Tuseme sehemu za kuinulia ziko mita 1.4 mbalimbali, upande wa injini unasoma kilo 350 na wa alteneta kilo 250. Kitovu kiko 1.4 × 250 ÷ 600, yaani mita 0.58 kutoka upande wa injini. Alama hiyo iwekwe juu ya katikati ya bloki, hata kama fremu ya jenereta itaonekana imekaa upande. Usipofanya hivi, springi za injini zitabonyea zaidi ya za alteneta, na kupanda na kushuka kutaambatana na kuinama.

*Springi.* Kilo 1,464 kwa springi sita ni kilo 244 kila moja, sawa na nyutoni 2,394. Springi ya waya wa milimita 14, kipenyo cha katikati ya waya milimita 80, mizunguko 3 inayofanya kazi na mmoja wa kufunga kila ncha, ina ugumu wa karibu nyutoni 247 kwa milimita. Itabonyea milimita 9.7. Masafa asilia yatakuwa 5.1 Hz, na kinachopita kama asilimia 4.3. Hata silinda moja ikikosa moto na kutoa 12.5 Hz, kinachopita ni moja ya tano. Urefu wa springi bila mzigo uwe milimita 95: ikikaa na mzigo ni 85, ikibanana kabisa ni 70, kwa hiyo kuna akiba ya milimita 15. Kwa vile ni pana kuliko urefu wake haitapinda kando.

Ukiuziwa springi bila karatasi ya vipimo, ijaribu mwenyewe. Iweke kati ya bati mbili, pandisha juu yake mifuko sita ya saruji ya kilo 50, pima imeshuka kiasi gani. Kilo 300 ni nyutoni 2,943. Ile tuliyoihesabu ingeshuka kama milimita 12. Jaribu zote sita. Inayotofautiana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 irudi dukani.

Chini ya kila springi weka kikombe chenye mpira wa neoprini wa milimita 10. Springi ya chuma huzuia mtetemo wa polepole vizuri, lakini milio mikali husafiri ndani ya waya wake, na mpira ndio unaoikata. Mpira wa kawaida haufai hapa. Dizeli huuvimbisha na jua huupasua.

*Kuinua.* Jenereta ikishafungwa juu ya bloki, weka jeki nne za haidroliki, moja karibu na kila pembe, na uinue kwa zamu milimita 5 kila mara. Chomeka vipande vya mbao chini kadiri unavyopanda, na mkono wa mtu usiingie chini hata mara moja. Fika milimita 62 au zaidi, ingiza vikombe na springi chini ya braketi, shusha polepole. Bloki ikae milimita 50 juu ya sakafu. Tumia pima maji. Tofauti ya pembe kwa pembe isizidi milimita 2, na unaisawazisha kwa kuongeza bati jembamba chini ya kikombe.

*Vizuizi vya kando.* Wakati wa kuzima, injini inapita mizunguko kama 300 kwa dakika, ambayo ni yale masafa asilia ya 5.1 Hz. Bloki itatikisika sekunde moja au mbili. Hilo ni la kawaida. Ili isivuke mpaka, funga sakafuni engo nne zenye mpira usoni, zikiacha nafasi ya milimita 6 na bloki. Mashine ikiwa inafanya kazi zisiguse kabisa.

Njia za panya

Kazi nyingi zilizohesabiwa vizuri huharibikia hapa. Mtetemo hauhitaji zaidi ya mguso mmoja wa chuma kwa chuma kuingia kwenye nyumba.

Ekzosi ndiyo ya kwanza. Weka kipande cha bomba la kunyumbulika, lile la mikunjo ya chuma, mara tu baada ya manifoldi, pale moshi unapotoka kwenye injini. Bomba linalofuata lining'inizwe kwa springi ndogo, na linapopita ukutani lizungukwe na pengo lililojazwa sufi ya mwamba, si plasta. Ukiona ufa unaozunguka tundu la ekzosi, bomba limeshikwa na ukuta.

Mafuta yaje kwa hozi. Waya wa umeme uwe wa kunyumbulika na uachiwe mzingo mmoja kabla ya kufungwa ukutani. Kwa pampu, weka viungo vya mpira pande zote mbili, kuvuta na kusukuma, na mabomba yashikwe vizuri baada ya kiungo, la sivyo presha ya maji itakivuta mpaka kipasuke.

Bolti inayopita katikati ya mpira mpaka sakafuni ni kosa la kila siku. Ukiikaza, mpira unabaki mapambo tu na nguvu yote inashuka kwa bolti. Iwe na bushi ya mpira na washa ya mpira juu, na ikazwe kwa mkono tu kisha nati ya pili ifunge.

Mwisho kagua chini ya bloki. Pitisha ufito mwembamba kutoka upande hadi upande. Donge la zege lililodondoka, kokoto au takataka iliyosombwa na mvua ya masika inatosha kuua springi zote sita.

Ikiwa bado inatikisa

Pima tena sehemu zile zile tatu. Kama namba ya sakafuni haijashuka sana, zima, ondoa kiungo kimoja kati ya mashine na nyumba kinachoweza kuondolewa, washa, pima. Endelea hivyo kimoja kimoja. Usibadilishe viwili kwa pamoja. Kama sakafu imetulia lakini jenereta inayumba kwa kuinama, rudi kwenye kitovu cha uzito. Ikitulia bila mzigo na kutikisika ikibeba mzigo, tazama kapilingi na gavana, yaani kidhibiti kasi cha injini.

Kifyonza kwa mashine ya kasi moja

Kuna hali ambapo springi haziwezekani: pampu ya mota ya mizunguko 1,450 iliyofungwa juu ya fremu ya chuma, na fremu yenyewe ina masafa asilia ya 24 Hz. Utajua kwa kuzima pampu, kugonga fremu kwa nyundo ya mbao na kusoma simu. Dawa rahisi ni kuongeza engo iliyowekwa mshazari ili fremu iwe ngumu zaidi. Kama haiwezekani, tumia kifyonza, kifaa alichokiombea hataza Mjerumani Hermann Frahm mwaka 1909: uzito mdogo juu ya springi yake, uliolinganishwa na masafa ya mashine, unaotikisika badala ya fremu.

Uzito wa kifyonza uwe asilimia 10 ya kinachotikisika. Kwa pampu na fremu ya kilo 60, tengeneza mikono miwili ya kilo 3 kila mmoja, mmoja kila upande. Kila mkono ni flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 40 kwa 8, ikilala bapa. Nchani weka viduara viwili vya chuma vya kipenyo cha milimita 100 na unene wa 25, vikiibana flatibaa juu na chini kwa bolti. Kutoka ukingo wa kibano hadi katikati ya viduara iwe milimita 241, na tundu la bolti liwe refu la milimita 40 ili viduara visogee. Kila milimita moja ya kusogeza hubadilisha masafa kwa karibu 0.15 Hz. Vutia ndani, masafa yanapanda.

Shina la mkono lisichomelewe. Joto la kuchomelea hudhoofisha chuma mahali pale pale panapopinda, na mkono utakatika. Ubane kati ya bati mbili za milimita 12 kwa bolti mbili za M10, kingo za bati zikiwa zimeviringishwa kwa grenda, na nati ziwe zenye nailoni ndani. Washa pampu ikiwa na mzigo wake wa kawaida, maana mota huzunguka polepole kidogo ikibeba, kisha sogeza viduara vyote viwili sawasawa mpaka namba ya fremu ifike chini kabisa. Mikono itaonekana ikitikisika sana. Hiyo ndiyo kazi yake. Iwekee kinga ya wavu.

Kifyonza hiki hakifai kwa jenereta yenye gavana ya kimakanika. Kasi yake hushuka kutoka kama 1,560 bila mzigo hadi 1,500 ikijaa, na kifyonza kinafanya kazi kwenye ukanda mwembamba tu wa masafa. Pembeni yake huzaliwa rezonansi mbili mpya, kwa vipimo hivi karibu na 20.7 na 28.3 Hz, na mashine inayobadilika kasi inaweza kuzikaribia.

Chumvi

Hewa ya bahari ndiyo adui wa muda mrefu. Springi zipakwe rangi ya epoksi kabla ya kufungwa, bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu au zilizochovywa zinki. Kila miezi mitatu osha springi kwa maji matamu, kausha, tazama kama kutu imekula waya. Kijishimo kidogo kwenye waya ndipo ufa unapoanzia. Pima urefu wa kila springi na kila mpira ukiwa na mzigo na uandike kwenye daftari la mashine. Springi iliyoshuka milimita 2 zaidi ya wenzake ibadilishwe, na mpira uliogandamana na kuwa mgumu hubadilishwa yote sita kwa pamoja, kwani mipya ikichanganywa na mikuukuu bloki itainama tena upande wa mikuukuu.